Wembe na Sindano: Habari za Pepopunda Katika Pwani Yetu

Ukitoka kisiwani Mombasa kwa njia ya Makupa, ukapita Changamwe na kushika barabara kuu iendayo Nairobi, hutakwenda mwendo mrefu kabla ya kufika Jomvu. Hapo ukiiacha barabara na malori yake, ukateremka upande wa hori ya Tudor, utaingia Jomvu Kuu, mji wa Wajomvu, ambao ni mojawapo wa Tisa Taifa katika yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Ni mji wa zamani. Upande mmoja pana mikoko na matope ya hori. Upande wa pili pana nyumba za watu wa makabila mengi waliokuja kufuata kazi za bandari na viwanda. Nakuomba, msomaji, usimame hapo kidogo na kuutazama udongo unaoukanyaga. Ndani yake, kama ilivyo katika udongo wa karibu kila nchi duniani, mna kijidudu kisichoonekana kwa macho, ambacho kwa karne nyingi kimewaua watoto wachanga kuliko mamba na simba waliopata kuwako katika Afrika yote.

Kijidudu hiki hakina haja ya mtu ili kiishi. Hukaa katika matumbo ya farasi, punda, ng'ombe na wanyama wengine, kikatoka pamoja na mavi, na mbegu zake zikabaki ardhini miaka na miaka, zikistahimili jua la kiangazi na hata maji yanayochemka kwa muda. Hewa safi huyazuia makuzi yake. Lakini kikipata jeraha lenye uchafu, mahali ambapo hewa haipiti, huamka, kikazaa na kutoa sumu kali mno. Sumu hiyo hufuata mishipa ya fahamu, ikakaza misuli ya mwili mmoja baada ya mwingine, ikianzia aghalabu katika taya.

Wazee wetu waliyaita maradhi hayo pepopunda. Jina hilo lina maneno mawili ndani yake, pepo na punda. Mimi husema kwamba katika neno la kwanza wazee walikosea, bali katika neno la pili hawakuwa mbali na kweli, maana punda ni mmoja wa wanyama wanaokibeba kijidudu hicho. Lakini mtoto mchanga alipopatwa, jina hilo halikutajwa sana. Watu walisema ana dege, au amepitiwa na nyuni, yaani ndege wa kishetani anayeruka juu ya nyumba usiku na kumtia mtoto mtukutiko.

Sababu ya kusema hivyo utaifahamu ukiyajua maradhi yenyewe. Mtoto huzaliwa mzima. Hulia kwa sauti, hunyonya vizuri siku ya kwanza na ya pili. Jamaa huja kumpongeza mama. Siku ya tatu au ya nne, pengine hata ya saba, mtoto hulishika titi asiweze kulinyonya, kwa kuwa taya zimekaza. Baadaye mwili wote hukakamaa, vidole hufumbika, mgongo hupindika kama upinde, na kila mlango unapogongwa au taa inapowashwa mshtuko humrudia. Fahamu zake hazikupotea. Pasipo matibabu ya hospitali, karibu watoto wote wanaopatwa na hali hiyo hufa, wengi wao kabla ya kutimiza majuma mawili.

Chanzo chake ni kitovu. Kitovu kikikatwa kwa wembe au kisu kisichochemshwa, au kikafungwa kwa uzi uliookotwa, au kidonda chake kikapakwa majivu, udongo au samadi, kama ilivyokuwa desturi katika nchi mbalimbali, mbegu za kijidudu hupata mlango. Basi tazama ugumu uliowakabili wazee wetu. Kati ya wembe na kifo palikuwa na juma zima. Mkunga aliyekata kitovu alikuwa amekwisha kwenda zake, na katika siku hizo saba mtoto alikuwa ameonyeshwa kwa wageni, ameogeshwa, amepitishwa nje penye upepo. Katika mambo yote hayo, nani angeukumbuka wembe? Tena mkunga yule yule, kwa wembe ule ule, alizalisha watoto kumi walioishi. Mtu mwenye akili timamu, asiye na darubini, hakuwa na njia ya kuyaunganisha mambo mawili yaliyoachana hivyo. Kumwita mkunga wa zamani mjinga ni kumdhulumu.

Wala usidhani kwamba jambo hili lilikuwa la Afrika peke yake. Magharibi ya Scotland, katika bahari ya Atlantiki, kuna kisiwa kidogo kiitwacho St Kilda. Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya watoto waliozaliwa huko walikufa katika juma la kwanza au la pili, na wenyeji waliokuwa Wakristo wa dini kali waliyapokea mauti hayo kuwa ni mapenzi ya Mungu. Mchungaji mmoja, Angus Fiddes, alikwenda kujifunza usafi wa uzazi, akarudi na dawa za kuulia vijidudu, akapingwa kwanza na wenyeji, kisha akafaulu. Katika miaka ya 1890 maradhi hayo yalikoma kisiwani. Hapakuwa na sindano yoyote wakati ule, ila usafi wa kitovu na mtu mmoja aliyekaa nao mpaka wakamwamini.

Elimu ya maradhi yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Mwaka 1884 Mjerumani Arthur Nicolaier alikiona kijidudu hicho kwa wanyama aliowachoma udongo wa shamba. Mwaka 1889 Mjapani Kitasato Shibasaburo, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alifaulu kukiotesha peke yake bila ya kuchanganyika na vingine. Na mwaka uliofuata yeye na Emil von Behring walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoezwa sumu kidogo kidogo hupata kinga, na kinga hiyo yaweza kuhamishiwa kwa mnyama mwingine. Tangu hapo farasi, mmoja wa wale wanaokibeba kijidudu, akawa ndiye mtoaji wa dawa. Maji ya damu yake yalitiwa kwa maelfu ya askari waliojeruhiwa katika Vita Kuu vya 1914 mpaka 1918. Lakini kinga ya kuazima haidumu. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gaston Ramon aligundua kwamba sumu ikitiwa formalini na kuwekwa katika joto la kadiri hupoteza ukali wake wala haipotezi sura yake. Mwili ukitiwa sumu hiyo iliyokufa, hujifunza kuitambua na kujitengenezea kinga yake wenyewe. Hiyo ndiyo chanjo tunayoisema hapa. Katika Vita Kuu vya Pili askari wa Marekani walichanjwa kabla ya kwenda vitani, na katika majeruhi zaidi ya milioni 2 waliolazwa hospitali, waliopata pepopunda walikuwa 12 tu.

Askari alikingwa miaka mingi kabla ya mtoto mchanga. Ugumu ulikuwa huu: mtoto huugua akiwa na siku chache, na hakuna chanjo iwezayo kumfundisha mwili wake katika muda mfupi hivyo. Jawabu lilikuwa kumchanja mama. Kinga inayofanyika katika damu yake hupita katika kondo la nyuma na kumwingia mtoto tumboni, naye akazaliwa nayo. Mwaka 1961 madaktari waliokuwa New Guinea walitangaza kwamba wajawazito waliopata sindano mbili au tatu waliwakinga watoto wao. Na mwaka 1966 habari kama hizo zilitangazwa kutoka Colombia. Wanawake hao wengi walijifungua nyumbani, mikononi mwa wakunga wao. Hata pale ambapo wembe ulibaki kuwa ule ule, mtoto alipona.

Sindano ya kwanza ni kama kubisha hodi tu. Mwili husikia lakini haujafungua. Ya pili hutolewa baada ya majuma manne au zaidi, nayo yapasa iwe angalau majuma mawili kabla ya kuzaa, ili kinga ipate wasaa wa kuvuka. Ya tatu hufuata baada ya miezi sita, ya nne baada ya mwaka, na ya tano baada ya mwaka mwingine. Mbili hukinga kwa kiasi cha miaka mitatu, tatu kwa mitano, nne kwa kumi. Tano zikitimia, mwanamke amekingwa kwa umri wake wote wa kuzaa. Zihifadhi hesabu hizi kichwani, maana huko mbele tutaona jinsi zinavyopotea.

Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wake mkubwa wa chanjo mwaka 1974, na Kenya ikaanzisha wa kwake mwaka 1980. Hata hivyo shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 1988 peke yake pepopunda iliua watoto wachanga 787,000 duniani. Mwaka uliofuata mataifa yakaazimu kuyakomesha mauti hayo. Karibu nasi, wachunguzi walikwenda nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Kilifi wakiwauliza akina mama habari za watoto 2,556 waliozaliwa hai. Walitangaza mwaka 1993 kwamba katika kila watoto 1,000 watatu hivi walikufa kwa pepopunda. Idadi hiyo, msomaji, ilikuwa habari njema, maana zamani ilikuwa kubwa zaidi. Lakini katika hospitali ya Kilifi watoto wenye maradhi hayo waliendelea kuletwa hata baada ya mwaka 2000, na karibu wote walikuwa wamezaliwa nyumbani.

Sasa twafika penye kiini cha habari yetu. Ikiwa chanjo ilikuwako, tena bila malipo, kwa nini baadhi ya wanawake hawakuipata?

Jibu la haraka ni umbali, na kwa watu wa bara kavu jibu hilo ni la haki. Lakini Jomvu Kuu si bara kavu. Ni sehemu ya mji wa Mombasa, na gari za abiria huenda mpaka hospitali kuu ya Makadara. Katika mahali kama hapo sababu ni za namna nyingine. Nadhani zote zina shina moja: mwanamke huombwa apokee maumivu anayoyaona kwa ajili ya faida asiyoiona. Dawa ya homa huonekana ikifanya kazi. Mgonjwa aliyelala huamka. Sindano hii humwendea mtu asiyeumwa. Ikifanya kazi yake vizuri kabisa, hakuna linalotokea. Mtoto hunyonya siku ya tatu kama alivyonyonya siku ya pili, na hakuna atakayemnyoshea kidole muuguzi akisema, huyu ndiye aliyeniokolea mwanangu. Kama vile mama wa zamani alivyoshindwa kuuona wembe nyuma ya kifo, ndivyo mama wa leo asivyoweza kuiona sindano nyuma ya uhai. Basi hana budi kumwamini anayemwambia.

Imani hiyo hujengwa na kuvunjwa na vitu vidogo. Mwanamke aliyekaripiwa kliniki katika mimba ya kwanza, mbele ya wenziwe, huchelewa kurudi katika mimba ya pili. Anayeanza kliniki mwezi wa nane hana tena nafasi ya sindano mbili na majuma yanayopasa baina yake. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2014, wanawake waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi katika mimba walikuwa 58 kwa mia. Mwaka 2022 walifika 66. Mwenye watoto watano huona kwamba amekwisha kuzoea, wala hakuna jipya la kuambiwa. Mwingine kadi yake imeliwa na mchwa au imesahauliwa katika nyumba ya kupanga, asijue amepata sindano ngapi. Mama mkwe na mume wana neno lao pia. Nauli na ruhusa mara nyingi vimo mikononi mwao. Na milango ya kliniki yenyewe si daima i wazi. Mwaka 1917 ungesema ni vita. Lakini mwaka 2017 ulikuwa ni mgomo wa wauguzi wa hospitali za Serikali, uliodumu miezi mitano.

Yako pia mambo yaliyoongeza watu. Mwezi wa Juni 2013 Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake. Waliozaa hospitalini walikuwa 43 kwa mia katika uchunguzi wa 2008 na 2009. Mwaka 2014 walikuwa 61, na mwaka 2022 walikuwa 82. Hospitalini kitovu hukatwa kwa chombo safi, na mama huulizwa habari za chanjo.

Nisiache kukusimulia ya Wamasai, ingawa si wa pwani. Kati yao, Kenya na Tanzania, palikuwa na desturi ya kutia samadi ya ng'ombe juu ya kitovu, kwa kuwa kwao ng'ombe na kila kitokacho kwake ni baraka. Watu wa afya waliofanya kazi nao hawakuja na matusi. Walishirikiana na wanawake wa huko huko, wakazungumza juu ya maji safi na maziwa mahali pa samadi. Habari zilizotangazwa mwaka 2001 zilieleza kwamba mahali walipofanya kazi, waliokufa kwa pepopunda walikuwa chini ya mtoto mmoja katika kila 1,000 waliozaliwa. Palipobaki vile vile, walikuwa 82.

Mwaka 2013 na 2014 imani hiyo ilijaribiwa nchini mwetu kwa namna ambayo wazazi wako wanaikumbuka. Serikali, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ilifanya kampeni ya kuwachanja wanawake wa miaka 14 mpaka 49 katika wilaya zenye hatari. Maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini Kenya walitangaza kwamba wana shaka: kwa nini wanawake peke yao, kwa nini umri huo, na kwa nini mara nyingi? Wakasema kwamba chanjo ilitiwa homoni ya mimba ili kuwafanya wanawake wawe tasa. Wizara na mashirika yale mawili wakakanusha, neno likafika Bungeni, na mabishano yakaendelea hata mwaka 2015.

Uvumi huo haukuzaliwa Kenya. Mwaka 1990 ulienea Cameroon, wasichana wa shule wakakimbia madarasani walipoona wachanjaji. Baadaye ukasikika Mexico na Ufilipino. Una punje ya kweli ndani yake, ndiyo sababu haufi upesi. Tangu miaka ya 1970 wanasayansi, hasa huko India, walijaribu kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba kwa kuifunganisha homoni hiyo na sumu iliyokufa ya pepopunda. Lakini hiyo ilikuwa kazi nyingine, iliyotangazwa wazi kwa jina lake. Si chanjo ya kliniki.

Maswali ya maaskofu yalikuwa na majibu, na kwa maoni yangu yangetolewa vijijini kabla ya sindano kufika, si baada. Wanawake ndio walioitwa kwa kuwa wao ndio wanaomkinga mtoto kabla hajazaliwa. Umri huo ndio umri wa kuzaa. Mara nyingi ni zile sindano tano nilizokuhesabia. Ama habari ya utasa, iangalie mwenyewe kwa hesabu. Kenya ilikuwa imewachanja wajawazito zaidi ya miaka thelathini. Katika hesabu ya watu ya 1979 tulikuwa milioni 15. Katika ile ya 2009 tulikuwa zaidi ya milioni 38. Waliochanjwa katika mimba ya kwanza ndio hao hao waliorudi kliniki na mimba ya pili na ya tatu.

Mwaka 2018 ilithibitishwa kwamba Kenya imeikomesha pepopunda ya wazazi na watoto wachanga. Neno hilo kukomesha lina maana yake maalumu, nami nataka uielewe. Maana yake ni kwamba katika kila wilaya anayepatwa ni chini ya mtoto mmoja katika watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Si sawa na habari ya ndui, ambayo mgonjwa wake wa mwisho wa kuambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Merca, pwani ya Somalia, mwaka 1977, na sasa haipo tena kati ya watu. Ndui iliishi katika mwili wa mtu tu. Ilipokosa mtu ikafa. Pepopunda huishi udongoni. Tena haiambukizwi na mtu kwa mtu, kwa hiyo chanjo ya jirani haikukingi wewe. Mji mzima waweza kuchanjwa, na mtoto wa yule mmoja aliyeachwa akawa katika hatari ile ile aliyokuwa nayo mtoto wa miaka mia iliyopita.

Siku ya kliniki, asubuhi, akina mama wa Jomvu Kuu hukaa bengini na vitabu vyao vya mama na mtoto mkononi, wengine wakijipepea navyo. Ukikaa karibu huenda ukasikia mazungumzo kama haya:

"Mama, hii mimba ya ngapi?"

"Ya tatu, sista."

"Sindano za pepopunda umekwisha kupata ngapi?"

"Nilichomwa kwa wa kwanza. Kwa wa pili nadhani mara moja. Kadi ilipotea tulipohama."

Muuguzi hufungua ukurasa mpya, akatazama nafasi tupu, akamtazama mama. "Basi tutaanza kuhesabu upya, mama. Nyosha mkono."